Kabati limejaa risasi: ubadilishe kaliba ya bunduki au ubaki nayo?

Mwenye bunduki ya .308 Winchester au .30-06 Springfield, mwenye maelfu ya risasi kabatini na vifaa vya kujazia maganda mezani, hukutana na swali hili mara tu anaposikia sifa za kaliba, yaani aina ya risasi ambayo bunduki hupiga, iliyo changa zaidi. Mara nyingi ni 6.5 Creedmoor iliyoingia sokoni mwaka 2007, na siku hizi 7mm PRC ya mwaka 2022. Wapo wanaobaki walipo kwa sababu tu wameshanunua, na wapo wanaohama kwa sababu jirani uwanjani amehama. Wote wamekwepa hesabu. Yanayoamua ni mawili: ni shabaha gani unaikosa leo ambayo kaliba mpya ingeipata, na akiba uliyo nayo ni ya miaka mingapi na ya mitutu mingapi. Hilo la mitutu husahauliwa karibu na kila mtu, na ndilo linalogeuza majibu mengi.

Katika maelezo haya, risasi ni ile nzima: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kichwa ni kile kinachoruka; fataki ni kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Uzito wa vichwa na baruti umetajwa kwa greni kwa kuwa ndivyo maboksi yanavyoandikwa; kilo moja ni greni 15,432.

Akiba ihesabiwe kwa kazi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Toa kila kitu kabatini, kisha gawa kwa kazi na si kwa kaliba pekee:

- risasi za kuwindia, zenye kichwa kinachopanuka kikigonga mwili;
- risasi za shabaha zenye usahihi wa juu;
- risasi za mazoezi za FMJ, yaani zenye kichwa kilichovikwa koti la chuma kisipanuke, ambazo nchi nyingi haziruhusu kuwindia;
- risasi za ziada za kijeshi, hasa zenye kiini cha chuma ambazo viwanja vingi vya shabaha huzikataa;
- risasi ulizojaza mwenyewe;
- vipuri: maganda, fataki, baruti na vichwa, kila kimoja na idadi yake.

Ukimaliza kugawa, picha hubadilika. Chukua mfano wa mtu mwenye risasi 4,000 za .308. Ndani yake 2,600 ni FMJ, 900 ni za shabaha, 440 ni mabaki ya loti mchanganyiko, na za kuwindia ni 60 tu. Kwa mwaka anapiga 350 za mazoezi, 120 za shabaha na 30 za mawindo, zikiwemo za kurekebishia darubini. FMJ zitamfikisha miaka saba na ushei, za shabaha vivyo hivyo, lakini za kuwindia zitakwisha baada ya miaka miwili. Huyu akisema "siwezi kuacha .308, nina akiba kubwa" anajidanganya upande mmoja: kwa mawindo hana akiba ya kumfunga. Anaweza kuwinda na kaliba nyingine msimu ujao na kuendelea kufanyia mazoezi .308 bila kupoteza kitu.

Kabla hujaandika idadi yoyote, kagua ubora. Kila loti, yaani namba iliyopigwa ubavuni mwa boksi, ichukue kama kundi lake. Toa risasi ishirini za loti hiyo uziangalie kwenye mwanga mzuri: kutu ya kijani kwenye ganda, shingo iliyopasuka, kichwa kinachocheza kwa vidole, fataki iliyochomoza. Usiziingize kwenye chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, nyumbani ili kuzijaribu; kipimo cha ganda kinatosha. Kisha uwanjani piga kumi za loti hiyo juu ya kronografu, yaani kipima kasi. Tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini ikizidi mita 30 kwa sekunde, loti hiyo ihamishie kwenye mazoezi ya karibu, haijalishi boksi limeandikwa nini. Fataki ikigongwa na risasi isitoke, shikilia mtutu kuelekea shabaha kwa sekunde 30 nzima kabla ya kufungua bolti, yaani kifungio cha nyuma ya chemba. Mlio ukiwa hafifu, simama papo hapo, ondoa risasi zote na tazama ndani ya mtutu: kichwa kilichokwama kikifuatwa na risasi nyingine kinapasua bunduki.

Risasi kuukuu za kijeshi zina tabu moja zaidi. Nyingi zina fataki zenye chumvi ya klorati, na mabaki yake huvuta unyevu na kula mtutu ndani ya siku chache. Mafuta hayaiondoi chumvi hiyo. Inataka maji ya moto, kisha kukausha, kisha ndiyo mafuta. Akiba ya aina hii ukiihesabu, hesabu na kazi ya kuosha.

Akiba kwa mitutu

Mtutu ni kitu kinachoisha. Sehemu ya kwanza kuchakaa ni koo, pale mbele ya chemba ambapo gesi ya moto hupita ikiwa na shinikizo kubwa. Kadiri baruti inavyokuwa nyingi na tundu likiwa jembamba, ndivyo koo linavyoungua haraka. Kwa makadirio yanayokubalika na wapigaji wengi wa shabaha, .308 na .223 Remington hufika risasi 5,000 au zaidi kabla usahihi haujaanguka. 6.5 Creedmoor hukaa kati ya 2,000 na 3,000. .243 Winchester na .300 Winchester Magnum mara nyingi hazivuki 2,000 kwa mtu anayedai usahihi. Kupiga haraka mtutu ukiwa moto hupunguza namba hizi zote.

Sasa mrudie yule mwenye risasi 4,000. Kama mtutu wake umeshapiga 3,000, umebakiza kama 2,000. Ili amalize akiba yake lazima anunue mtutu mwingine wa .308 katikati ya safari. Kwa hiyo akiba ile ina deni ndani yake, na siku ya kulipa deni hilo ndiyo siku rahisi kuliko zote ya kubadilisha kaliba, maana fundi bunduki atafungua mtutu kwa vyovyote vile. Anayebadilisha mtutu ukiwa na nusu ya umri wake anatupa nusu hiyo. Anayengoja mpaka uchakae halipi chochote cha ziada kwa kungoja.

Dalili za mtutu uliochoka ni kundi la matundu kupanuka kwa loti ileile iliyokuwa ikikaa vizuri, kasi kushuka kwenye kronografu, na risasi mbili tatu kutoka nje ya kundi bila sababu. Kabla ya kuhukumu, safisha mabaki ya kaboni na shaba, kaza skrubu za darubini na za kitako kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha piga tena. Mitutu mingi imehukumiwa kufa kumbe ni skrubu iliyolegea.

Pima shabaha unayoikosa

Hapa watu wengi huruka, kwa sababu matokeo huumiza. Weka sahani za sentimita 20 kwenye masafa unayopiga kweli, kwa mfano mita 100, 200 na 300. Piga risasi ishirini kwa kila umbali ukiwa katika mikao ya porini: umeketi, umepiga magoti, umeegemea mti au fimbo. Meza ya uwanjani haihesabiwi. Andika zilizogonga na zilizokosa, na kwa kila iliyokosa andika ilikosea upande gani.

Zikikosea juu na chini kwa umbali mrefu tu, tatizo ni kukadiria masafa, na dawa yake ni kipima masafa pamoja na jedwali la mshuko lililothibitishwa. Zikikosea kushoto na kulia kufuata upepo, hapo kaliba yenye kichwa kinachokata hewa vizuri inaweza kusaidia. Zikitawanyika pande zote, tatizo ni mpigaji au mkao. Zikiangukia chini upande mmoja, na hasa kama ni hata kwenye mita 100, unashtukia bunduki, yaani unajikunyata kabla haijalia. Ili kuhakikisha, mwambie mwenzako akuchanganyie risasi bandia ndani ya magazini bila wewe kujua zilipo. Bunduki isipolia na mdomo wa mtutu ukachovya chini, jibu umelipata.

Kisha linganisha na kile ambacho kaliba mpya inatoa. .308 yenye kichwa cha shabaha cha greni 168 hutoka kwa kasi ya takriban mita 808 kwa sekunde, 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha greni 140 hutoka na mita 826 hivi. Upepo wa ubavuni wa mita 4.5 kwa sekunde huisogeza ya kwanza karibu sentimita 21 kwenye mita 300, na ya pili karibu 14. Kwenye mita 600 ni karibu mita moja kwa sentimita 64 hivi. Mshuko kwenye mita 300, zote zikiwa zimerekebishwa kwa mita 100, hutofautiana kwa chini ya sentimita 10.

Theluthi moja ya upepo si kitu kidogo, lakini tazama inafanya nini mikononi mwa mtu wa kawaida. Tuseme mtawanyiko wako mwenyewe kwenye mita 300 ni sentimita 25, na unakosea kusoma upepo kwa mita 2 kwa sekunde. Kosa la upepo litakuwa kama sentimita 9 kwa .308 na 6 kwa 6.5. Makosa haya hayajumlishwi moja kwa moja. Huunganishwa kwa miraba yake, kisha unatafuta kipeo cha jumla. Kwa .308 unapata 26.6, kwa 6.5 unapata 25.7. Umebadilisha mtutu, dai (vyombo vya kuumbia ganda kwenye mashine ya kujazia), maganda na vichwa ili kupunguza chini ya sentimita moja. Mpigaji ambaye mtawanyiko wake ni sentimita 8 atapata 12 kwa 10, na akisogea mita 600 tofauti huwa wazi kabisa. Kwa hiyo kaliba yenye kukata upepo humlipa aliyekwisha kuwa mzuri na anayepiga mbali. Anayewinda ndani ya mita 200 hailipi chochote kinachoonekana.

Msukumo wa nyuma ndio sababu ya pili inayotajwa. Kwa bunduki ya kilo 3.6, .308 hurudisha begani kama joule 21, 6.5 Creedmoor kama 16, na .300 Winchester Magnum kama 35. Lakini uzito wa bunduki hufanya kazi ileile: .308 hiyohiyo ikifikishwa kilo 4.5 hushuka hadi joule 17. Mwenye kupiga shabaha mezani anaweza kununua karibu tofauti yote ya kaliba kwa gramu 900 za chuma ndani ya kitako. Mwindaji anayetembea siku nzima hataki hilo, na kwake mpira mzuri wa kitako au breki ya mdomo wa mtutu ni jaribio la kwanza, akikumbuka kwamba breki huongeza kelele kwa anayepiga na kwa walio ubavuni mwake. Kinga ya masikio si hiari hapo.

Sababu zinazoweza kukulazimisha

Zipo hali ambapo akiba haina la kusema. Moja ni sheria ya nguvu ya chini kwa aina ya mnyama. Namibia hudai joule 2,700 mdomoni mwa mtutu kwa wanyama wa ukubwa wa kudu na joule 5,400 kwa nyati na tembo. Ujerumani hudai kaliba isiyopungua milimita 6.5 na joule 2,000 kwenye mita 100 kwa wanyama wakubwa kama kulungu mwekundu. Nguvu unaipata hivi: uzito wa kichwa kwa gramu, mara kasi kwa kasi, gawa kwa 2,000. Greni 100 za .243 ni gramu 6.48, kwa mita 902 kwa sekunde zinatoa joule 2,636, yaani zinapungukia 2,700 kidogo tu. Greni 180 za .300 Winchester Magnum kwa kasi hiyohiyo zinatoa kama 4,745, hivyo kwa nyati hazifiki. .375 H&H Magnum, kaliba ya mwaka 1912, hufika na kupita ikiwa na kichwa cha greni 300. Akiba ya risasi 10,000 za .243 haiwezi kubadilisha hesabu hiyo.

Nyingine ni marufuku ya madini ya risasi kwenye vichwa vya kuwindia, kama ilivyo California tangu mwaka 2019. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu hudai msokoto mkali zaidi wa mifereji ya mtutu. Kanuni ya zamani ya Greenhill inatosha kukuonya: zidisha 150 kwa kipenyo, mara kipenyo tena, gawa kwa urefu wa kichwa. Kichwa cha .308 cha greni 168 kina kipenyo cha milimita 7.82 na urefu wa takriban milimita 31, na jibu ni milimita 296 kwa mzunguko mmoja. Ndiyo maana mitutu ya msokoto wa 1:12, yaani mzunguko mmoja kila inchi 12 au milimita 305, hukitosha kwa shida ndogo tu. Weka kichwa cha shaba chenye urefu wa milimita 36 na kanuni itadai kama 255, ambayo ni 1:10. Mtutu wako ukiwa wa 1:12, si lazima uhame kaliba: shuka kwenye kichwa chepesi zaidi cha shaba, cha greni 130 hadi 150, ambacho hutoka na kasi zaidi na kupanuka vizuri. Jambo hili hutatua kesi nyingi bila kugusa mtutu.

Vivyo hivyo kwa usahihi wa mbali. Mwenye .308 anayelalamikia kichwa cha greni 168 kuyumba karibu na mwendo wa sauti anaweza kujaribu cha greni 175 kabla ya kuuza chochote. Maboksi matatu ya loti moja ni gharama ndogo ukilinganisha na mtutu.

Kinachohamia na kisichohamia

Ukiwa bado unataka kuhama, chagua kwanza kaliba iliyo ndani ya ukoo uleule wa ganda. Kitako cha ganda la .308 kina kipenyo cha milimita 12. .243, 7mm-08, .260 Remington na 6.5 Creedmoor zina kipenyo hichohicho na urefu unaotosha kwenye bunduki fupi ileile. Bolti hubaki, magazini kwa kawaida hubaki, na kazi ni mtutu tu. .30-06 ina ukoo wake mrefu: .25-06, .270, .280 na .35 Whelen. .300 Winchester Magnum inapatana na 7mm Remington Magnum na .338 Winchester Magnum. .223 kwenda .300 Blackout ni mtutu peke yake; .223 kwenda 6.5 Grendel ni mtutu, bolti na magazini. Ukitoka ukoo mmoja kwenda mwingine kwa bunduki ya bolti, mara nyingi kununua bunduki nyingine ni rahisi kuliko kubadilisha.

Mezani pa kujazia, toka .308 kwenda 6.5 Creedmoor: mashine, mizani, kishikio cha ganda, kipimo cha urefu na fanicha zote hubaki. Dai ni mpya. Vichwa ni vipya, havina mbadala. Fataki kubwa za rifle zinatumika, ila angalia maganda unayonunua, maana 6.5 Creedmoor hutengenezwa kwa fataki kubwa na kwa fataki ndogo pia. Mtu mwenye fataki kubwa 5,000 akinunua maganda ya fataki ndogo amejifungia akiba yake mwenyewe nje. Baruti ya kasi ya kati iliyozoeleka kwa .308 inaweza kufanya kazi, lakini 6.5 hupendelea iungue polepole zaidi, kama H4350. Kwa makadirio ya manunuzi tu, 6.5 hula karibu greni 42 kwa risasi moja, hivyo kilo moja hutoa kama 365; .300 Winchester Magnum hula karibu 72, kilo hutoa kama 214. Kipimo cha kupiga kisome kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, uanzie chini kama linavyoagiza.

Wengi huuliza kama maganda ya .308 yanaweza kugeuzwa. Kwenda .243, .260 au 7mm-08, ndiyo, kwa kubana shingo. Tatizo ni kwamba shingo ikibanwa hunenepa. Ikinenepa kupita nafasi ya chemba haiwezi kufunguka kukiachia kichwa, na shinikizo hupanda hadi kiwango cha hatari. Pima kipenyo cha shingo risasi ikiwa imejazwa, na inenepapo ikwangue au itupe. Kwenda 6.5 Creedmoor kazi haina faida. Na ganda la .30-06 lina milimita 63.3 wakati la .270 lina 64.5, hivyo lililogeuzwa hubaki fupi kidogo. Linapiga, lakini usilichanganye na ya kiwandani kwenye kundi moja.

Geuza gharama iwe risasi

Badala ya kuhangaika na bei zinazobadilika, chukua kipimo kimoja: bei ya risasi moja ya shabaha ya kaliba uliyo nayo leo. Orodhesha mtutu na kazi ya fundi, dai, maganda 200, vichwa 500, magazini kama inahitajika, fimbo na brashi za kusafishia za kipenyo kipya, ada ya leseni, na risasi 150 za kutafuta mchanganyiko na kurekebisha darubini. Gawa jumla kwa kipimo hicho. Ukipata, tuseme, 1,400, maana yake kuhama kunakugharimu sawa na kupiga risasi 1,400 za ile uliyo nayo. Kisha jiulize bila aibu: mazoezi ya risasi 1,400 katika mikao ya porini yangekufikisha wapi? Kwa mpigaji mwenye mtawanyiko wa sentimita 25, mazoezi hayo yanashinda kaliba yoyote. Kwa mwenye sentimita 8, huenda la.

Toa kwenye jumla kile utakachopata ukiuza, lakini toa kwa uaminifu. Boksi lililofungwa la loti inayojulikana huuzika, pale sheria inaporuhusu na mnunuzi akiwa na leseni ya kaliba hiyo. Mabaki yaliyochanganyika huuzika kwa shida. Risasi ulizojaza mwenyewe thamani yake ya kuuza ni sifuri: usimuuzie wala kumpa mtu, maana zilipimwa kwa chemba yako, na asiyezijua akizipiga kwenye nyingine hujui kitakachotokea. Unaweza kuvitoa vichwa kwa kifaa cha kung'olea na kuvitumia tena. Baruti iliyotoka humo, kama huna kumbukumbu ya jina na loti yake, haitumiki tena.

Ongeza upatikanaji kwenye mizani. Katika uhaba wa mwaka 2020 na 2021, fataki ndizo zilizowakwamisha wajazaji wengi, hata wenye baruti na maganda tele. Aliyejaza kabati kwa kaliba inayotengenezwa na viwanda vingi ana kitu ambacho kaliba mpya yenye viwanda viwili haimpi. Subiri walau viwanda kadhaa vitengeneze maganda na risasi za kaliba hiyo kabla ya kuifanya bunduki yako ya pekee.

Ukishaamua kuhama

Anza na karatasi. Leseni nyingi hutaja kaliba na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Mtutu mpya unaweza kuhesabika kama silaha mpya, na ukiuza bunduki ya zamani kwanza, risasi zake zilizobaki kabatini zinaweza kuwa kosa siku hiyohiyo. Kibali kipya kwanza, akiba ya zamani iondoke pili, bunduki au mtutu wa zamani mwisho. Ukiwa na nafasi, baki na mtutu wa zamani na risasi 300 hadi 500 za loti bora.

Simamisha ununuzi wa kaliba ya zamani mara moja, isipokuwa za kuwindia kama msimu uko karibu. Maliza mabaki mchanganyiko kwenye mazoezi ya mita 50 na 100. Kwa kaliba mpya nunua risasi 200 za loti moja, si maboksi kumi ya majina kumi, maana kubadilisha loti kila wiki huficha tabia ya mtutu.

Mtutu ukishafungwa, usikubali kuupokea bila kipimo cha chemba. Bolti lazima ifunge kwenye kipimo cha kukubali na igome kwenye cha kukataa. Kwa .308 na ndugu zake tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni karibu milimita 0.1, kwa hiyo jicho na hisia ya mkono havitoshi. Bolti hufungwa kwa vidole viwili, bila nguvu, ikiwa imeondolewa kinachoigomesha ndani. Chemba iliyolegea hunyoosha ganda na kulikata karibu na kitako. Iliyobana hukataa risasi za kiwandani siku ya mvua.

Kaliba mbili ndani ya nyumba moja zina hatari yake. .300 Blackout hutumia magazini ileile ya .223, na risasi yake inaweza kuingia kwenye chemba ya .223, kichwa cha milimita 7.8 kikisukumwa kwenye tundu la milimita 5.7, bunduki hupasuka usoni mwa mpigaji. .308 nayo ni fupi kwa milimita 12 kuliko .30-06, huingia kwenye chemba yake, na ikishikwa na kulabu ya bolti inaweza kulipuka huku ganda likiwa halijashikiliwa mbele, likachanika. Magazini za kila kaliba ziwe na utepe wa rangi yake, maboksi yaandikwe pande zote, na mezani uwanjani kuwe na kaliba moja tu kwa wakati mmoja. Chupa ya baruti pia ni moja tu mezani, na inayobaki kwenye kipimio irudi chupani kwake kabla hujafungua nyingine. Baruti isiyojulikana jina haijazwi kwenye ganda lolote.